Pete Saba za Mzinga

Mpendwa Baba,

Tangu tukuzike pale Kanja sijakuandikia. Kuandika kwenyewe niliachia darasa la sita. Lakini leo nina neno.

Unakumbuka kitabu changu cha historia? Kilikuwa na picha ya mzinga wa vita wa zamani sana wa Wazungu, mnene kama pipa. Mwalimu alisema ulimiminwa mzima mzima. Wewe hukujua kusoma, ila uliisogeza picha karibu na moto wa kibanda chako cha uhunzi, ukacheka. "Huyo mwalimu wako hajafua hata jembe. Hivi ni vyuma virefu vimelazwa bega kwa bega, na hizi ni pete. Zilivishwa zikiwa moto, zikapoa, zikabana." Ndivyo wewe ulivyovisha magurudumu ya mikokoteni. Kisha uligonga pete kwa nyundo ukatega sikio. Iliyobana iliimba. Iliyolegea ilikohoa.

Na gurudumu la Nyaga, jirani yetu. Mvua ilikukimbiza, ukavisha pete kabla haijawa nyekundu, wala hukuigonga. Ilichomoka kwenye mteremko wa kwenda Kianjokoma, Nyaga akavunjika mguu. Kila mtu alilaumu barabara. Wewe ulifungua mbuzi ukaenda kwake. "Si barabara. Ni mimi."

Sasa niko Nakuru, katika karakana ya kuchomelea vyuma, na mgongo umechoka. Watu wa sinema wametuagiza mzinga kama ule wa picha, na wanataka ufyatuliwe kwa baruti ya kweli. Nilimweleza bosi kwamba mizinga hiyo iliwapasukia hata wenyewe wa zamani, pete zilipolegea. Ndiyo sababu baadaye waliacha vyuma vya kuunga, wakamimina shaba kipande kimoja kama kengele, wakaongeza unene kule nyuma inakokaa baruti. Bosi akasema tuvishe pete baridi, tuzishikize kwa welding kidogo, rangi itaficha.

Leo nilizigonga. Zote saba zikakohoa.

"Wewe Mmeru, unasikiliza chuma kama redio?"

"Mimi Mwembu, bosi. Na hiki kitapasuka."

"Basi kitapasuka na kazi yako."

Atakayewasha ni Wambua, tunayekula naye githeri sufuria moja. Aliniuliza kama nitamlishia watoto. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Baba, sitaki kumpelekea mke wa Wambua mbuzi.

Jioni hii nimekata welding na kuzichomoa pete zote saba, ziko sakafuni. Bosi akija asubuhi atakuta nimeshawasha moto, na nitamwambia ni mimi kabla hajauliza. Ama ataniacha nizivishe zikiwa nyekundu, ama nitarudi Kanja na begi langu. Lakini mikono yangu haitamkabidhi Wambua chuma kinachokohoa.

Pumzika, Baba. Nyundo yako ninayo.

Mwanao wa mwisho,
Njeru