Matairi Uliyotuletea

Endasak, Hanang
Mwishoni mwa Novemba

Kwako mwanangu Joakimu,

Shikamoo yako uliyompa dada yako Eva aniletee imenifikia, na naiitikia hapa kwa maandishi: marahaba, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arusha, pamoja na mke wako Letisia na mtoto. Sisi huku tunapumua. Mvua za kwanza zimegusa mlima, tumeanza kulima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Magoti yangu yanalalamika nikipanda na kunyamaza nikishuka. Eva yuko nasi bado tangu maporomoko ya tope ya kule Jorodom yalipomwachia ukuta mmoja wa nyumba. Habari za mama yako nitakupa nikifika mahali pake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu, kila nikifika katikati ya maelezo mtandao wako hukatika, na nimechunguza nikaona kwamba hukatika zaidi ninapoeleza mimi kuliko unapoeleza wewe. Karatasi haikatiki. Tena simu ya nyumba hii husikilizwa na wote, na maneno haya ni yako peke yako. Jirani anayekuja huko ndiye aliyeniahidi kukukabidhi mkononi.

Nataka tuzungumze juu ya matairi. Najua umeshaguna. Vumilia. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na sijawahi kumwadhibu mwanafunzi kabla ya kumweleza somo.

Unakumbuka kwamba kabla ya Krismasi iliyopita ulilichukua gari letu la Starlet ulifanyie matengenezo mjini. Nilikuomba jambo moja: matairi manne mapya yenye kushika vizuri kwenye njia ya mvua, kwa sababu mama yako alikuwa anakwenda hospitali ya Haydom kila mwezi kwa ajili ya jicho lake. Sikukuomba matairi ya bei rahisi, wala ya kizee kama ulivyoniambia. Nilisoma kwanza. Niliona kwamba gari dogo lenye rimu ndogo za kumi na tatu haliwekewi matairi mengi ya spoti, kwani watengenezaji wanapenda magurudumu makubwa, lakini yapo machache. Nikakuandikia ujumbe: mia moja sabini na tano, sabini, kumi na tatu, mpira laini, mifereji mirefu ya kutoa maji.

Nilikueleza pia maana ya namba hizo, ukanijibu kwa kidole gumba. Basi nirudie. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili inakuambia ubavu wake una kimo gani ukilinganisha na upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu linamokaa. Tairi nililochagua lilikuwa pana kidogo kuliko la zamani, kiasi ambacho rimu yetu ingekubali, na ubavu wake ulikuwa na zaidi ya sentimita kumi na mbili. Ubavu ule ndio mto wa gari. Jiwe likipiga, ubavu unajikunja, upepo ndani unabanwa, kisha tairi linarudi lilivyokuwa, na rimu haijui kilichotokea. Watu hudhani tairi la kasi ni lile linaloonekana la kasi. Tairi zuri ni lile linalolisimamisha gari pale dereva alipotaka lisimame, juu ya ardhi ile ile anayopita. Kinachogusa ardhi katika kila gurudumu hakizidi sana kiganja changu. Viganja vinne, Joakimu, na mama yako juu yake.

Wewe ukaleta rimu za kumi na tano zinazong'aa, na matairi ya mia moja tisini na tano yenye ubavu usiofika sentimita tisa. Na springi ulikuwa umezikata ili gari lilale. Uliingia nalo uani siku ya mkesha wa Krismasi ukipiga honi, wanawake wakapiga vigelegele, na mzee Margwe akalizunguka gari lote na fimbo yake, akauliza mbona limechuchumaa kama kuku anayetaka kutaga. Watu walicheka, na wewe ulicheka zaidi yao, ukamwambia, babu, hii ndiyo spoti, mjini wanalipia. Nilikuvuta pembeni nikakuuliza rimu za zamani ziko wapi. Ukasema umeziuza pamoja na tairi la akiba, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena.

Ulipoondoka nilikwenda Katesh kwa Bashiri, muuza matairi, mtu ninayemheshimu ingawa mdomo wake hauna mlango. Alitoka dukani, akatazama, akashika kiuno. Akaniuliza, Mwalimu, nani amekuvalisha viatu vya harusi akakutuma shambani? Nikamwambia ni mwanangu. Akasema basi yeye hana neno, kwani hata yeye wanawe wamemvisha kofia asiyoitaka. Nilimwagiza anitafutie rimu za kumi na tatu na yale matairi niliyochagua. Akaniambia itachukua muda, maana rimu zile sasa watu wanaziona takataka na kuzipeleka kwa wauza vyuma. Alizipata mwezi wa pili, akapiga simu niende kufungiwa.

Sikwenda, na sababu ni mama yako. Nilipomwambia nakwenda Katesh kuvua matairi ya Joakimu, aliketi kwenye kiti cha jikoni akanitazama kwa lile jicho lake moja lililobaki, la kulia. Akasema mtoto akikuletea nguo unaivaa hata kama inakubana, mpaka aione mwilini mwako, na baada ya hapo ndipo unaitunza kabatini. Akasema umeahidi kuja Pasaka. Akasema ukikuta zawadi yako imetupwa nyuma ya zizi utajua kwamba tumekudharau mbele ya majirani waliopiga vigelegele. Nilimweleza habari za ubavu wa tairi kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake, kisha akasema: mume wangu, ni mpaka Pasaka tu.

Nikakubali. Kwa safari za mwezi huo na uliofuata tulipanda basi hadi Haydom na kurudi, naye akawa anawaambia watu kwamba gari limepumzishwa ili mwenyewe alikute safi. Kila Jumamosi Eva aliosha zile rimu kwa sabuni.

Pasaka hukuja. Ulisema kuna mkutano wa wenye magari madogo huko Moshi na kwamba umechaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi. Mama yako alikuambia hakuna shida.

Wiki iliyofuata, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri, aliamka akishika kichwa. Alitapika. Alisema taa ina duara la rangi kama upinde wa mvua. Mganga wa zahanati alimmulika, akaniita nje, akasema ni presha ya jicho, imepanda ghafla, na kwamba jicho la kushoto lilipotea kwa njia hii hii. Akasema twende Haydom saa ile ile, tusingoje hata kuchemsha chai. Basi lilikuwa limeshapita. Gari lilikuwa uani, linang'aa.

Niliendesha kwa akili yangu yote. Hadi Katesh ni lami, na kwenye lami sitayasingizia matairi yako, yalishika kama gundi. Tulipita kwa Bashiri duka likiwa bado limefungwa. Baada ya hapo ni vumbi, na siku ile vumbi lilikuwa tope. Matairi yale hayana mifereji ya kutosha. Udongo uliziba kila ufa, na tairi likawa laini kama yai la kuchemsha. Nilikwenda polepole, mama yako akiwa amelala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Eva, kitambaa usoni. Kila tuliporuka shimo aliguna, na kila alipoguna aliniambia pole na kazi.

Tulipokipita kijiji cha Basotu kulikuwa na jiwe kwenye maji. Si jiwe kubwa. Tairi la zamani lingelipanda likashuka. Hili lilibanwa kati ya jiwe na rimu, ubavu ukapasuka urefu wa mkono, na rimu ikajikunja. Tairi la akiba ulikuwa umeliuza. Tulisimama pale kwenye mashamba ya ngano, na hapakupita gari. Lori moja lilikuja likielekea Katesh, dereva akatupa pole akaenda zake. Mchana ndipo alipotokea mtu wa pikipiki. Tulimfunga mama yako katikati, kati ya dereva na Eva, kwa khanga, nami nikabaki na gari. Mbele yao kijito kilikuwa kimejaa. Walingoja maji yapungue hadi giza likaingia, wakalala katika nyumba ya watu wema ambao sikuwahi kuwajua, na Haydom walifika kesho yake asubuhi.

Walimpokea vizuri na kufanya kila lililowezekana. Daktari, kijana wa umri wako, alimwambia Eva kwamba wangefika jana yake ingekuwa habari nyingine. Hakulisema kwa ukali.

Nilipokupigia simu kukuambia tairi limepasuka njiani na mama amelazwa, uliniuliza kama nilijaza upepo wa kutosha. Kisha ukaniuliza kama rimu inanyooshwa.

Sasa nimefika mahali pa habari za mama yako.

Uliambiwa jicho lilisumbua na limetulia. Hayo ndiyo maneno aliyotulazimisha kusema, mimi na Eva, akitushika mikono yote miwili kitandani pale Haydom, na ni kweli kwa jinsi fulani, maana jicho limetulia kabisa. Mama yako haoni, Joakimu. Haoni mwanga wala kivuli. Hajaona kitu tangu wiki ile.

Mwezi wa sita ulipotuma picha ya mtoto wako, mkamwita Oliva kwa jina lake, alimketisha Eva karibu akamwambia amsomee uso ule. Eva alisoma paji, macho, pua, masikio, kidevu. Kisha mama yako akachukua simu akakupigia. Ulimsikia mwenyewe. Alikuambia amemwona mjukuu wake, kwamba pua ni ya ukoo wetu, na kwamba masikio ni ya kina Letisia, Mungu amsaidie. Ulicheka sana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatoka nikaenda zizini, nikakaa na ng'ombe.

Ningeendelea kunyamaza kama nilivyoahidi. Lakini umesema mnakuja Krismasi, na tangu siku ile mama yako anafanya mazoezi. Amemwambia Eva aweke kiti chake mahali pale pale, mbele ya mlango, ili uingiapo akugeukie kwa kufuata sauti. Anajifunza kunyoosha mkono pale kichwa chako kilipo. Amepanga kukuambia umenenepa, kwa sababu, anasema, mtu anayetoka mjini lazima atakuwa amenenepa. Jana alijigonga kwenye mhimili, akaniomba nisimwambie Eva, aliyekuwa amesimama mbele yake.

Anasema ukijua utavunjika, na kwamba matairi yale uliyaleta kwa mapenzi. Nimelipima neno hilo kwa uaminifu wote nilio nao. Naamini ulitupenda. Naamini pia kwamba ulipokuwa ukiyachagua hukuiona njia ya Haydom, wala jicho la mama yako. Uliona watu wa huku wakikutazama ukiingia uani. Mama yako yuko tayari kuishi akiigiza kuona ili wewe usijue bei ya siku ile moja. Mimi siko tayari. Baba anayeweza kukueleza namba za tairi akashindwa kukueleza jambo hili amepoteza chaki yake bure.

Gari nimelifungia rimu na matairi ya Bashiri. Linakwenda Haydom salama kabisa, ila sasa hakuna kinachotupeleka huko.

Nakuomba ufanye hivi. Njoo Krismasi kama ulivyoahidi. Njoo kwa basi. Ukifika, usingoje akuambie umenenepa. Mwambie kwamba unajua, umwondolee kazi ile, kisha mweke mtoto mikononi mwake amsome mwenyewe kwa vidole. Kama ni kulia, lia kabla ya kufika Endasak.

Na usimpigie simu juu ya jambo hili hata kidogo. Ukipiga atakuambia si kosa lako. Atakuambia kabla hujamaliza kuomba msamaha, na utalala usingizi mzuri. Nataka ukae mwezi huu mmoja bila mtu wa kukuambia hivyo.

Nisalimie Letisia, umwambie tunamwombea nguvu za kulea. Mshike mjukuu wangu mkono kwa niaba yangu. Eva anakusalimu, naye amelibeba jambo hili kuliko sisi sote, kwa hiyo ukija msalimie yeye kabla yangu. Mama yako hakusalimu, kwa kuwa hajui kwamba nimeandika. Ameniuliza ninachokwaruza mezani muda wote huu. Nimemwambia nasahihisha mitihani, akasema niwahurumie watoto wa watu.

Mimi baba yako,
Basili Tluway