Managu ya Mama Wambui

Ijumaa, Julai 2008. Mtaa wetu wa Kabiria umeamka na baridi ya kukunja vidole, manyunyu tangu alfajiri. Lakini mimi leo nina joto langu. Wacha niringe kidogo, hapa hakuna wa kunikataza.

Nafundisha nasari, watoto wa miaka mitano. Ukutani kulikuwa na chati ya chakula bora ambayo mwenye shule, Madam Rahel, aliinunua mjini: tufaha, zabibu, stroberi. Watoto waliikariri mpaka basi. Halafu mwezi jana nikauliza nani amekula chakula bora kwao. Wambui akanyoosha mkono: "Ticha, kwetu hakuna. Sisi hukula tu mboga."

Niliumia, jamani. Na mamake anauza mboga ya managu hapo karibu na steji ya matatu!

Nikaitoa ile chati. Nikawaambia kila mtu alete kitu kimoja kutoka jikoni kwao. Zikaja nduma, ndengu, omena kwa karatasi, na yai lililopasukia mfukoni. Tukanawa mikono, tukachambua, tukapika, tukaonja. Managu ni chungu, wengine walikunja nyuso, lakini walimeza.

Madam alinuna. Ati wazazi wanataka watoto washike penseli, si mboga. Akasema siku ya wazazi atawauliza watoto maswali yeye mwenyewe. Wakishindwa, chati inarudi na mambo ya kupika yanaisha.

Siku yenyewe ilikuwa leo.

Akasimama mbele ya wazazi wote, akauliza ni chakula gani hulinda mwili usishikwe na magonjwa. Wambui akaruka kabla hajaitwa: "Managu! Mama yangu ndiye huuza! Kujeni mnunue!"

Watu walicheka, Madam naye akashindwa kujizuia. Chati itabaki stoo, amesema. Mama Wambui, ambaye kila mkutano husimama mlangoni na kuondoka wa kwanza, alikuja mpaka mbele akambeba mtoto wake.

"Mwalimu," akaniambia polepole, "mimi nilidhani kazi yangu humwaibisha."

Najivunia huyo mtoto, jamani, najivunia mamake, na hata mimi leo najipigia makofi.

Jioni nimepita kwao pale steji kununua mboga. Wambui ndiye amenihudumia. Ameshikilia fungu langu, akaniangalia, akaniuliza kama nimenawa mikono.

Nilikuwa sijanawa.