Jiko la Ukumbi wa Pool

Rhonda, Nakuru
Agosti 9

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje na hiyo baridi ya Kabazi? Na yule ng'ombe wa madoadoa ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na kwa vile simu zangu hupokei, nimeamua kukuandikia. Karanja atakukabidhi barua hii mkononi.

Amenieleza ulichosema. Kwamba kwenye harusi yake nitakaribishwa nikae hemani kama mgeni, lakini jikoni nisikanyage, kwa sababu mikono inayowapikia wacheza pool haiwezi kuwapikia watu wa kanisa. Mama, mimi ni dada wa bwana harusi. Dada hakai hemani akingoja kuletewa sahani!

Acha nikueleze mahali penyewe, maana hujawahi kufika. Ni ukumbi wa Ogola, nyuma ya kinyozi. Meza tatu za pool, na kwenye kona ni jiko langu na benchi mbili. Napika chakula alichonifundisha Mama Hanh, yule Mvietinamu niliyemfanyia kazi Naivasha miaka sita: tambi za mchele ndani ya supu ya mifupa, iliyochemka tangu alfajiri na tangawizi, mdalasini na kitunguu kilichochomwa, kisha dhania juu. Mwanzoni watu walinicheka, wakauliza chapati ziko wapi. Ogola mwenyewe alisema hizo tambi haziwezi kutoboa huku mtaani. Siku hizi anamaliza mabakuli mawili kabla ya saa sita.

Na nina sheria. Anayetaka kula aweke fimbo ya pool chini, anawe mikono, tuombe. Hata wanaobishania mchezo hunyamaza. Wewe ndiye uliyenilea hivyo, na sijaacha.

Kwa hiyo jiko hili silifungi, hata ukiniomba. Usinitumie mchungaji, usinitumie shangazi. Kazi hii naipenda na sina haya nayo.

Sasa kuna jambo nimelinyamazia tangu mwaka jana. Ulipolazwa hapa Nakuru, kila ulichopewa ulikitapika. Nilipokuletea chakula uligeukia ukutani, ukasema cha ukumbi wa pool hukitaki. Niliumia sana. Halafu Jackie wa kwaya yenu akaanza kukuletea supu kwenye chupa ya chai ya bluu, siku kumi na moja mfululizo, ukawa unainywa yote. Ulipopona ulisimama mbele ya kanisa ukatoa ushuhuda kwamba Mungu alikuinua kwa supu ya mikono safi. Nilikuwa nimekaa benchi ya nyuma.

Mama, Jackie hajui kupika hata maharagwe. Supu ile ilitoka kwenye kona yangu kwa Ogola. Nilimbembeleza aibebe, nikawa nasimama langoni mwa hospitali hadi arudi na chupa tupu. Sikusema kwa sababu ulikuwa mgonjwa. Sasa umepona, nasema.

Jumamosi ya harusi nitafika mapema na sufuria yangu kubwa. Ukitaka kunitoa jikoni, nitoe mwenyewe, mbele ya wote waliosikia ushuhuda wako.

Nisalimie majirani, na Jackie usimgombeze. Mwambie Baba akichinja yule fahali, mifupa asiwape mbwa. Naihitaji.

Binti yako anayekupenda na asiyetubu,
Wariara