Vidonge Ulivyonifungia kwa Safari

Yaya Masika, dada yangu mpenzi huko nyumbani Beu,

Salamu zenye baridi ya Butembo! Ukungu unaingia hadi jikoni, na mume wangu ananifunika koti lake mbele ya mama yake. Nina furaha, yaya, mpaka naona haya.

Leo tukila ugali na sombe alikuja wifi yangu Kavira, amefunga kitoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kama chungwa. Nikarudi nyuma.

"Bibi-arusi, hapana kuogopa," akacheka. "Hajaiva bado tu!" Kisha akasimulia: "Nilikuwa na mimba, mukojo inanichoma. Nilimeza dawa, maumivu ikaisha, yenye ilibakia nikagawia mukubwa yangu. Infirmière wa kituo cha afya alisema maradhi ilibaki ndani, ndiyo ilileta uchungu mbele ya saa."

Nikaliweka tonge chini. Nilikumbuka tulivyogawana kila kitu kwa mama: blanketi, viatu vya misa, hata dawa. Nikakumbuka vidonge vyako vya mkojo ulivyonifungia kwenye leso siku ya kuagana, "vya safari," na tumbo lako limeshaonekana.

Ninavirudisha pamoja na kadi hii. Ukiipata tu, nenda navyo kituo cha afya, umwambie muuguzi kwamba uliacha katikati.

Nimekununulia kitenge cha maua mekundu. Tutakikata nusu kwa nusu, kama zamani. Lakini dawa atakayokupa, yaya, umalize peke yako, mtoto wetu aje ameiva.

Nakukumbatia wewe na tumbo lako,
Kahindo