Madam Chelimo na Brashi Yangu

Wacuka, sikia hii. Nimelipiza.

Ile nyumba ya zamani ya mzungu huko Boito, si nimechora ukuta wa sebule wiki nzima, maua ya bustani yake mpaka darini? Leo mwenye nyumba wa sasa, Mama Kipkurui, ameuliza nani alichora. Bosi wangu, Madam Chelimo, akajibu, "Ni mimi." Nikiwa hapo hapo. "Ni mimi." Na rangi bado iko kwa kucha zangu.

Mama akafurahi. "Basi nichoree ua moja juu ya mlango, nikiona."

Madam akanigeukia. "Cheptoo, hebu mchoree."

Unajua vile mimi huhurumia watu. Leo hapana. Nikamletea ngazi na brashi. "Panda tu, Madam. Nitakushikia."

Akachora kitu kama kabeji iliyokanyagwa na ng'ombe.

Mama akaangalia kabeji, akaangalia ukuta. "Hebu niambie tena. Nani alichora huu?"

Madam akanitazama nimwokoe. Nikaitazama kabeji yake.

"Ni huyu msichana."

"Huyu msichana hana jina?"

Wacuka, ningeweza kujibu mwenyewe. Nilishika ngazi nikangoja mpaka Madam alitaje jina langu.