Mama Nungunungu Kasifiwa

Ijumaa, 6 Oktoba

Sehemu ya kumi ya katuni yetu imerushwa jana. Msimu wa kwanza umekwisha. Wahakiki walingoja uishe wote ndipo watushukie kama mwewe. Gazeti la kwanza: "Matusi yaliyopakwa rangi." La pili linasema fisi wetu wanatukana kwa sababu waandishi wameishiwa maneno mengine. Waandishi gani? Mwandishi ni mimi. Peke yangu! Miezi kumi na minne kwenye kile kiti kinachochoma mgongo.

Mtayarishaji kapiga simu, anajichekesha. Eti tukisemwa ndiyo tunajulikana. Sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Dada aliporudi kazini alinikuta uso umenivimba. Kaniletea chai, kaweka sukari vijiko vitatu. Yeye katuni hatazami, hata hii yangu. Anasema ana vichanga vya kweli vinavyomlilia wodini kutwa nzima.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimesifiwa! Na nani? Yule mama mkali wa gazeti la wikendi, anayeogopwa na fani nzima. Ametuponda vizuri tu — fisi hawachekeshi, mzaha wa msibani umepita kiasi — halafu, aya ya mwisho: "Lakini yupo Mama Nungunungu." Ndiye pekee mwenye damu, anasema, katika ghorofa zima la wanyama. Kanukuu onyesho lote. Nungunungu kaachwa na mume, bado anapiga namba yake, na kila jioni anamsimulia yule mwanamke wa kurekodiwa wa kampuni ya simu jinsi siku ilivyokwenda. "Hapatikani? Usijali, shoga. Hata mimi siku hizi sipatikani."

Nimesoma mara sita. Mara ya saba moyo ukanilipuka paa.

Maana onyesho lile sikulitunga.

Dada ndiye aliyenisimulia, mwaka juzi, jikoni, anamenya vitunguu ili machozi yapate sababu. Shemeji alikuwa na miezi mitano tangu amwache. Akasema, haya yaishie hapa. Nikasema, yameishia.

Gazeti nimelificha chini ya godoro. Kama mtoto.

Jumatatu, 9 Oktoba

Kuficha gazeti! Wakati mji mzima una simu. Watu wanatumiana kile kipande kama salamu. Mtangazaji wa redio kakirusha asubuhi, kasema kilimliza garini. Na kituo kimetupatia msimu wa pili — papo hapo, kwa ajili ya Nungunungu tu. Ofisini walinipigia makofi. Mwigizaji wa sauti yake kanikumbatia: huyu mama umemtoa wapi? Nikacheka. Nilicheka kweli, Mungu ananiona.

Mtayarishaji anataka mume arudi. Arudi na mke mwingine, mjamzito, mizigo mkononi, wanaomba chumba kwa Nungunungu. Meza nzima iliangua kicheko.

Nikaenda kuandika.

Jumanne, 10 Oktoba

Amejua.

Muuguzi mwenzake alikuwa anamwonyesha mama mmoja aliyejifungua kile kipande, kwenye simu. Wanacheka. Wakamwita dada aje acheke nao. Alitazama mpaka mwisho, akasema inachekesha, akaenda kupima mapigo ya mtoto wa kitanda cha nne.

Haya kaniambia amesimama, sare bado mwilini, mkoba begani. Nikasema nimebadilisha mengi. Ni nungunungu, dada — mnyama tu!

"Uliniuliza?"

Nikasema nilidhani hutazami.

"Kwa hiyo unaniibia mradi nimelala." Hakupandisha sauti. "Nilikwambia wewe. Wewe tu, mdogo wangu. Hata mama sikumwambia."

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningepumua.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hatuongei. Anapika, ananiachia sahani yangu imefunikwa. "Chakula kipo" — anauambia ukuta.

Leo kuna uhakiki mwingine. "Mwandishi mwenye huruma ya pekee." Huruma!

Nilimwomba mtayarishaji tumwondoe Nungunungu. Kanijibu kwa upole kabisa: bila yeye msimu hakuna, na hawa wafanyakazi ishirini na wawili niwaambie nini? Mchoraji mmoja alikuwa amesimama pale. Akatazama viatu vyake.

Nikarudi kwenye kile kiti.

Jumapili, 15 Oktoba

Dada hana zamu leo. Nimerudi sokoni nikamkuta sebuleni, mbele ya kompyuta yangu, anatazama msimu mzima tangu sehemu ya kwanza. Sikuthubutu kukaa. Nikasimama nyuma yake na mfuko wa nyanya.

Fisi hawakumchekesha hata mara moja. Wahakiki wako sahihi. Kwa Nungunungu alicheka mara mbili — kile kicheko chake cha zamani, cha puani. Machozi yakanitoka, nimeuma mdomo asinisikie.

Ilipokwisha hakugeuka.

"Msimu wa pili upo?"

Upo, dada.

"Umeshaandika?"

Kidogo.

Akawa ananyoosha kitambaa cha meza, anaondoa mikunjo isiyokuwepo. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Yule mume wake — anarudi?"

Nikasema nyanya zinavuja, ngoja nizitoe. Niko jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Muswada uko kwenye kompyuta hiyohiyo. Sikuufunga. Uko nyuma ya alichokuwa anatazama tu, kubofya mara moja.

Nasikia kiti kinasogezwa karibu na meza.

Mbofyo mmoja.

Ameanza kusoma kwa sauti —