Jumamosi Niliyomkalimania Salma Vibaya

Jumatatu. Manyunyu toka alfajiri, mtaa wetu wa Gerezani wote unanuka oili ya magereji na udongo uliolowa. Nguo nilizofua jana bado mbichi, na mimi mwenyewe nahisi hivyohivyo.

Shajara yangu, leo sina majigambo mengi. Haya, ninayo machache, nianze nayo yatoke.

Mwanangu Salma ndiye fundi cherehani bora mtaa huu. Sisemi kwa kuwa nimemzaa. Kuna bibi harusi alitoka Mbagala, akawapita mafundi wote wa kwao, akaja kukaa kwenye baraza yangu kungoja gauni lake. Alipolivaa alilia. Mama mkwe wake naye akalia, ingawa yule nadhani alikuwa na mambo yake.

Salma ni kiziwi. Homa ilimpitia akiwa mdogo, ikaondoka na masikio yake. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alipoanza shule yenye kitengo cha viziwi nilikuwa naenda kukaa naye darasani, nyuma kabisa, kwenye kiti cha watoto, magoti yananigonga kidevu, mpaka nikaijua lugha ya alama. Mwalimu aliwahi kusema mikono yangu ina lafudhi ya Pwani. Sijui alikuwa ananitania. Niliichukua kama sifa.

Tangu hapo mimi ndiye mdomo wake. Hospitali, dukani, kwa wateja. Bei nataja mimi, na huwa naipandisha kidogo.

Sasa nije kwenye la Jumamosi.

Tuna kikoba chetu cha wanawake, tunanunua hisa na kukopeshana. Tumo Waislamu na Wakristo, kwa hiyo toka mwanzo tulikubaliana hakuna riba; anayekopa anarudisha alichochukua, na akijaliwa anaweka kitu kwenye mfuko wa misiba. Tunakutania baraza ya madrasa. Ustadhi alitupa nafasi ile bure, na ndiye yuleyule aliyemfundisha Salma sala. Watoto wengine walipokuwa wanapangwa kwa umri, yeye alimweka Salma safu ya mbele miaka yote, ili amwone vizuri midomo na mikono. Alinifuata nimfundishe alama. Mzee na ndevu zake, anauliza "rukuu" inaonyeshwaje.

Salma anataka kuingia kikoba kwa jina lake mwenyewe. Akina mama walikuwa wananiambia, "Si awe chini yako tu, Mama Salma?" Na kweli kabisa niseme hapa, mimi nilikuwa naona sawa tu. Ni yeye aliyekataa. Ana miaka ishirini na minne.

Kwetu utaratibu ni mmoja kwa wote. Anayeomba kuingia au kukopa anasimama mbele ya wenzake, anasema mwenyewe shida yake, na anadhaminiwa na wanachama wawili wasiokuwa wa nyumba yake. Kwa hiyo mimi kumdhamini siwezi. Kumkalimania naweza. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulianza na dua. Zamu ilikuwa ya Mama Upendo, jirani yangu, mtu wa Masasi anayeuza viatu vya mtumba, na Mama Upendo akiomba anaomba kweli, anaanzia kwenye uumbaji. Katikati nikasikia mmoja ananong'ona, "Mtazame, hata macho hafumbi." Nilimjibu palepale, dua haijaisha. Nikamwambia huyu akifumba macho ndiyo ametolewa nje ya mlango. Mikono yangu ndiyo inamletea hiyo dua, ataionaje amefumba?

Mama Upendo akasema, "Amina," akafumbua macho, akanitazama.

Halafu Bi Mwanaidi, mwenyekiti wetu, mtu wa Kariakoo kwa kuzaliwa, akasema, "Haya mwanangu, simama. Tuambie unataka nini."

Salma akasimama. Ushungi wake wa kijani, futi ya kupimia iko shingoni, hata kikaoni haivui. Akaanza kuzungumza kwa mikono, taratibu, kama aliyejiandaa.

Alisema hivi: cherehani anayo. Anataka mkopo achangie kodi ya fremu ya duka Kariakoo na wenzake wawili aliosoma nao, viziwi pia, washone na kuuza wenyewe. Alisema, "Mama anajua. Nimemwambia mara nyingi. Hataki."

Nikaurekebisha mkeka niliokalia.

"Anasemaje?" Bi Mwanaidi akauliza.

Ningeweza kusema chochote. Baraza nzima hakuna mwingine anayejua alama. Na mdomo wangu huu ukatangulia: "Anasema anawashukuru sana. Anaomba mkopo wa mashine ya ovaloki ya kupindia vitambaa, aiweke palepale nyumbani, karibu na mama yake."

Nilisahau nimekaa mbele ya nani. Mtoto aliyekaa safu ya mbele miaka yote akisoma midomo ya watu.

Salma alinigeukia. Hakufoka. Alinigusa bega, akanionyesha alama moja tu: rudia.

Mama Upendo akasema, "Mama Salma, mbona mtoto kakasirishwa na shukrani zake mwenyewe?"

Walicheka wote. Mimi masikio yaliniwaka.

Nikarudia. Neno kwa neno, pamoja na lile la "hataki". Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula embe bichi. Kisha nikawaeleza kwa nini sitaki, maana nilishavuliwa nguo, nifiche nini tena. Kariakoo mkokoteni ukija, mtu anapiga kelele "Pisha!" na huyo ameshapita. Pikipiki zinatoka nyuma yako. Mwizi anaitiwa kelele, umati unakimbia, na wewe husikii wanakimbia nini. Nyumbani namwona. Nikinyanyua kichwa kwenye jiko, namwona.

Hakuna aliyecheka hapo.

Bi Mwanaidi akauliza, "Na yeye anaogopa?"

Nikamuuliza Salma. Akajibu, nami nikasema safari hii kama lilivyotoka: "Anasema anaogopa. Lakini anaogopa zaidi kuzeeka kwenye baraza yangu."

Mama Upendo akainua mkono. "Mimi namdhamini. Ila kwa sharti. Nikiwa na jambo na Salma, wewe hapana. Kanisani kwetu kuna dada anakalimani ibada kwa alama kila Jumapili, Jumamosi yuko nyumbani. Nitamleta."

"Mkalimani wa kanisani, kwenye baraza ya madrasa?" nikasema.

"Kwani alama zina ubatizo?" akanijibu.

Kumbe Ustadhi alikuwa anasikiliza dirishani. Akasema kutoka ndani, "Aje. Hata mimi nina maswali yangu, maana Mama Salma ada yake ya kunifundisha ni vitumbua, na masimango juu." Haya ndiyo malipo ya wema!

Bi Mwanaidi akakata maneno. Katiba yetu inasema wa nyumba moja hadhamini. Kuanzia sasa hakalimani pia. "Mdhamini wa pili mimi hapa. Ila mwanangu, gauni langu la Idi usinipunjie kitambaa."

Nikafungua mdomo nimjibu, hapunji huyo, huyo ni fundi. Bi Mwanaidi akanyanyua kidole. "Nimemwambia yeye."

Salma alikuwa ameshamsoma. Akavua futi shingoni, akamsimamisha mwenyekiti mbele ya kikao, akaanza kumpima mabega.

Nilirudi nyumbani bila kusema neno, na jana nilishinda vilevile. Wanaonijua wataelewa ulikuwa msiba.

Leo asubuhi Salma aliniuliza kama nataka kuiona hiyo fremu. Tukavuka kwenda Kariakoo na manyunyu yetu. Sikumshika mkono, ingawa wangu ulikuwa unawasha. Mkokoteni ulitujia kwa nyuma, na kabla sijamvuta ameshasogea. Nilimuuliza alijuaje. Akasema anaangalia nyuso za wanaokuja mbele yake, wao ndio wanamwonyesha kilichoko nyuma. Mimi na masikio yangu mawili ndiye niliyechafuliwa gauni.

Fremu yenyewe ni kama kabati, ghorofa ya kwanza. Wenzake walikuwa upande wa pili wa barabara, wanaangalia vitambaa. Mnaijua ile kelele: vipaza sauti, muziki wa kila duka, makuli. Mimi nilikuwa namwita muuza maji hatua chache tu kutoka nilipo, hanisikii. Salma akasimama kwenye roshani, wakaulizana bei kwa mikono, wakabishana rangi, wakacheka, juu ya vichwa vya umati wote ule. Mtaa mzima, ndio pekee waliokuwa wanaelewana.

Nilisimama pale nikawaza. Shule ilimpa lugha. Ustadhi alimpa mahali pa kukaa. Kikoba sasa kimempa jina lake kwenye mkopo wake mwenyewe, akikwama atakwama yeye, na atakuja kujieleza yeye. Wote hao walikuwa wanafungua mlango. Na mimi ninayejisifu kila siku humu, nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeujaza, nawaeleza watu yaliyomo ndani.

Nilimpa mdomo wangu kwa mapenzi, hilo siliombei radhi. Ila sikuwahi kumuuliza kama bado anauhitaji.

Jumamosi dada wa kanisani anakuja. Nitakaa upande wa pili wa mkeka, mbali na binti yangu, kama mwanachama yeyote. Nitafumba mdomo kikao kizima. Mkipita nje ya madrasa mkamsikia mwanamke anakohoa sana, msimwonee huruma, si mgonjwa. Anajizuia.